Mwai Kumwenda: mfungaji asiyetulia

Ukiwapanga kwa nafasi wachezaji wa netiboli wa Afrika waliocheza kwa mshahara Uingereza, New Zealand na Australia, utaona mara moja kwamba GS (goal shooter, mfungaji mkuu anayekaa karibu na pete) ni wengi, na wengi wa hao GS ni warefu kupindukia. Peace Proscovia wa Uganda alichezea Loughborough Lightning ya Uingereza, kisha mwaka 2019 akahamia Sunshine Coast Lightning kule Australia. Mwenzake wa She Cranes, timu ya taifa ya Uganda, Mary Nuba Cholhok, anakaribia mita 2, na alikuwamo kwenye kikosi cha Loughborough kilichotwaa ubingwa wa 2021 na wa 2023. Pete iko mita 3.05 juu na haina ubao nyuma yake. Mtu wa kimo hicho akishajipanga chini ya pete na kumweka mlinzi mgongoni, wenzake wanamrushia mpira wa juu tu, ambao hakuna mwingine wa kuufikia. Makocha wa kigeni wanaupenda ufungaji huu kwa sababu haumtaki mgeni azoeane sana na wenzake ndipo aanze kufunga.

Mimi nafundisha wafungaji, na mchezaji ninayemrudia sana kwenye video si mmoja wa hao. Ni Mwai Kumwenda wa Malawi.

Kumwenda alizaliwa mwaka 1989 na asili yake ni wilaya ya Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Dunia ilimfahamu vizuri Sydney mwaka 2015, alipochaguliwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia ilhali Malawi ilimaliza ya sita. Hebu fikiria: timu haikufika hata nusu fainali, lakini waliopiga kura hawakuweza kumruka. Wakati huo alikuwa akichezea Mainland Tactix ya Christchurch, New Zealand. Mwaka 2017, Super Netball ya Australia ilipoanza na timu 8, akasajiliwa na Melbourne Vixens.

Sasa tumwangalie ndani ya duara la kufungia. Kumwenda hasimami. Anatoka mbio kuja juu kana kwamba anataka pasi fupi, mlinzi anamfuata, halafu anageuka ghafla na kurudi kwenye mstari wa nyuma. Mpira anaupokea akiwa hewani. Anatua kwa mguu mmoja, anapiga hatua na wa pili, na mara nyingi anafunga mwili ukiwa bado kwenye mwendo. Anayemwona mara ya kwanza husema anacheza ovyo ovyo, lakini hapo kuna hesabu ya sheria.

Mlinzi anapaswa kukaa sentimita 90 kutoka mguu ambao mfungaji alitua nao kwanza. Ukiuinua mguu huo, kipimo hakihami: kinabaki pale pale ulipokanyaga. Kwa hiyo mfungaji akipiga hatua ya pili kwenda upande usio na mlinzi, pengo kati yao linakua, na mlinzi aliyekwisha kunyoosha mikono hawezi kusogea kulifuta bila kupigiwa filimbi. Sharti ni moja: mpira uwe umetoka mkononi kabla mguu wa kwanza haujagusa tena uwanja. Juu ya hayo kuna sekunde 3 tu tangu uushike mpira. Wafungaji wengi huzitumia sekunde hizo kusimama imara, kupumua na kulenga. Kumwenda huzitumia kumhama mlinzi. Ninapowafundisha wasichana hatua hii, wengi huibeba mwilini ndani ya wiki chache. Kinachochukua muda mrefu ni kulenga huku mwili unakwenda upande mwingine.

Gharama yake ni kwamba mfungaji wa aina hii anategemea macho ya wengine. Pasi inabidi itoke mkononi mwa WA (kiungo wa pembeni wa kushambulia) au C (kiungo wa kati) kabla yeye hajafika, irushwe mahali patupu. Pasi ikichelewa nusu sekunde, mpira umepotea, na jukwaani watamlaumu aliyerusha. Pale Vixens aliwakuta Liz Watson na Kate Moloney, viungo wawili wa timu ya taifa ya Australia waliocheza pamoja kwa miaka. Sidhani kama angeng'ara vile kwenye klabu ambayo kila msimu inabadilisha viungo.

Mwezi Aprili 2018, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Malawi iliifunga New Zealand 57–53. Haikuwahi kutokea kabla. Watu hukumbuka matokeo, lakini mimi nakumbuka kwamba Malawi ilikuwa na wafungaji wawili wasiofanana: Kumwenda na Joyce Mvula, aliyekuwa Manchester Thunder. Mlinzi akijiandaa kwa mmoja anaumizwa na mwingine.

Mwishoni mwa mwaka huohuo goti likamwangusha, na msimu wa 2019 ukampita. Kwa mfungaji wa kusimama goti ni tatizo. Kwa anayeishi kwa kugeuka na kutua na mguu mmoja, linaweza kuwa mwisho wa kazi. Aliporudi 2020 akakuta mchezo umebadilishwa: Super Netball ilileta goli la pointi 2 kwa mpira unaofungwa kutoka ukanda wa nje wa duara, dakika 5 za mwisho za kila robo. Sikuipenda sheria hiyo na bado siipendi, maana inamdunisha aliyehangaika kufika karibu na pete. Hata hivyo Vixens walitwaa ubingwa mwaka huo, wakiifunga West Coast Fever 66–64 katika fainali iliyochezwa Brisbane, kwa kuwa korona ilikuwa imelazimisha msimu wote uchezwe Queensland.

Nimeanza na nafasi kwa makusudi. Wafungaji wana namba inayoonekana kwenye karatasi ya mechi. Mlinzi anayevuruga pasi kumi bila kuugusa mpira haonekani. Karla Pretorius wa Afrika Kusini, GD (mlinzi wa goli) aliyekuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la 2019 Liverpool, alionekana kwa sababu alikuwa mwizi wa pasi hasa. Kutoka Malawi, mlinzi Towera Vinkhumbo na kiungo Takondwa Lwazi nao wamefika ligi ya Uingereza, lakini njia ya watu wa nafasi hizo ni nyembamba mno. Walio wengi hubaki kwenye timu za taasisi, kama Blue Eagles ya polisi wa Malawi, au JKT Mbweni na Uhamiaji kwetu Tanzania, ambako kinachomlisha mchezaji ni ajira na netiboli inakuja juu yake.

Kwa hiyo msichana mwenye kimo cha wastani anaponiuliza kama anaweza kuwa GS wa kulipwa, simpimi urefu. Namwekea video ya Kumwenda na kuzima sauti, kisha namwambia asiutazame mpira kabisa, atazame miguu. Baada ya hapo namuuliza WA wake ni nani, na wamecheza pamoja tangu lini.