"Si Katuni Tu Hiyo?" Mambo Tunayoyaamini Kuhusu Filamu za Watoto

Jumamosi moja mpwa wangu, miaka minne na ushee, aligoma kwenda chooni peke yake. Choo ni kilekile, taa inawaka, koridoni hakuna kitu. Mama yake alipombana akasema, "Nyumbu watakuja." Mchana alikuwa ameangalia The Lion King, ile ya 1994, ambamo baba wa mtoto wa simba anakufa katikati ya mbio za nyumbu, huku sisi watu wazima tukimenya viazi upande wa pili na kupiga soga. Kuna wakati alinijia akauliza, "Mjomba, kwa nini baba yake haamki?" Nikamjibu ataamka, nikarudi kwenye viazi. Ilikuwa katuni, bwana.

Nimerudia hilo neno kichwani mara nyingi tangu siku ile. Yafuatayo ni mambo tunayoambiana sebuleni, mimi nikiwemo.

"Ni katuni, haina ubaya"

Desemba 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti wa Ian Colman na James Kirkbride. Walichukua filamu 45 za katuni zilizoingiza pesa nyingi zaidi, kuanzia Snow White ya 1937 mpaka Frozen ya 2013, wakazipanga na filamu 90 za watu wazima za miaka hiyohiyo, wakahesabu nani anakufa na dakika ya ngapi. Theluthi mbili ya katuni zilimuua mhusika muhimu mbele ya mtazamaji. Za watu wazima ilikuwa nusu tu. Mauaji ya makusudi yalikaribia mara tatu zaidi upande wa katuni, na wazazi wa mhusika mkuu waliteketea kama mara tano ukilinganisha na wenzao wa filamu za wakubwa. Katika Finding Nemo mama anaondoka kabla dakika tano hazijaisha.

Sababu si ukatili wa watunzi. Mtoto mwenye baba na mama wazima hapati safari. Kila anapotaka kuvuka mto kuna mtu wa kumwambia rudi ndani. Ndiyo maana hata hadithi za bibi zetu zimejaa yatima, mama wa kambo na zimwi lenye njaa. Atakayesema watoto wa zamani hawakutishwa hajawahi kusimuliwa zimwi usiku wa giza na mtu anayejua kulisimulia.

Ila bibi alikuwa na kitu ambacho runinga haina: alikuona. Ukianza kujikunyata, sauti ya zimwi inapungua, kiitikio cha wimbo kinarudiwa mara tatu badala ya moja, na siku nyingine zimwi linakufa mapema kuliko ilivyopangwa. Filamu haikuoni. Nyumbu wanashuka bondeni kwa kasi ileile, uwe na miaka minne au arobaini.

Na alama ya bodi ya filamu isikutulize kupita kiasi. GE ya Kenya, kwa mfano, maana yake filamu inafaa kuonyeshwa kwa watu wote. Haikuahidi kwamba mtoto wako atalala.

"Mwambie si kweli, ataacha kuogopa"

Hili ndilo kosa letu kubwa, na tunalifanya kwa nia njema kabisa.

Mtafiti wa Marekani Joanne Cantor alitumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto mbele ya runinga. Yeye na wenzake waligundua kwamba mtoto wa kama miaka mitatu hadi mitano anaogopa kwa macho. Kinachoonekana cha kutisha kinatisha, hata kama ni chema. Waliwaonyesha watoto kipindi cha yule mtu mpole anayegeuka jitu la kijani na kuokoa watu. Wadogo waliogopa zaidi pale anapogeuka. Wa miaka tisa na kuendelea, wanaojua jitu ni mwokozi, pale ndipo walipopumua.

Kwa hiyo "si kweli" inamsaidia mtoto wa darasa la tatu. Wa chekechea inampita. Anaweza kukuitikia "ndiyo, si kweli" na bado akakung'ang'ania kanga. Mdogo anatulizwa na mwili: kupakatwa, kushika blanketi lake, kupewa kitu cha kunywa, kuwashiwa taa, kukaa na mtu anayemwamini. Maelezo yatafuata akikua.

Namkumbuka mpwa wangu akinisikiliza koridoni nilipokuwa namweleza, kwa utulivu wa mwalimu, kwamba nyumbu wako Serengeti. Akauliza Serengeti ni mbali kiasi gani na hapa.

"Ina funzo zuri, atalipata mwenyewe"

Funzo lipo, ndiyo. Kulipata ni kazi nyingine. Mwaka 2008 Marie-Louise Mares na Emily Acosta walichapisha utafiti wa watoto wa miaka mitano na sita walioangalia katuni ya mbwa. Kuna mbwa anakuja ana miguu mitatu, wenzake wanaanza kwa kumwogopa na kumkwepa, mwisho wanakuwa marafiki. Mtu mzima anaona papo hapo: tusimtenge mlemavu. Watoto walipoulizwa wamejifunza nini, wengi walisema tuwe wema kwa mbwa mwenye miguu mitatu. Ndio hivyo, kwa mbwa. Na ile hofu ya mwanzo, iliyowekwa ili baadaye ivunjwe, ndiyo iliyowakaa wengine.

Tangu nisome hilo sisemi tena "filamu ile ina maadili" kana kwamba maadili yanamezwa kama dawa ya minyoo. Mtoto wa umri huo hahamishi funzo kutoka kwa mbwa kwenda kwa jirani bila mtu wa kumvusha. Swali moja linatosha: "Kule shuleni kwenu kuna mtu hachezi na wenzake?" Ukimya unaofuata ndio somo lilipoanzia.

"Inamfundisha kuongea, tena Kiingereza"

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, hapana. Mwaka 2003 timu ya Patricia Kuhl ilichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Baadhi walichezewa na kusomewa na wazungumzaji wa Kichina, wengine waliwaona na kuwasikia haohao runingani. Waliokuwa na mtu wa kweli walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wa runinga hawakupata kitu. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake wakaona mambo kama hayo kwa DVD za kufundisha watoto wachanga maneno: baada ya mwezi mzima waliofaidika zaidi ni wale ambao hawakuwekewa DVD, bali wazazi walitumia maneno yaleyale katika shughuli za kila siku nyumbani. Kijiko, ndizi, kiatu.

Akifika miaka mitatu, minne, hesabu inabadilika. Akili and Me, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na shirika liitwalo Ubongo, ilijaribiwa kwa watoto wa Morogoro, na walioiangalia walipiga hatua katika kuhesabu na kuchora. Imetengenezwa kwa ajili hiyo: Akili anauliza, ananyamaza, anasubiri mtoto ajibu. Katuni ya kasi haisubiri mtu.

"Zinaharibu ubongo"

Wenye hofu hii nao hutia chumvi. Angeline Lillard na Jennifer Peterson, 2011, waliona watoto wa miaka minne wakishindwa zaidi kufuata maelekezo na kusubiri, baada ya dakika tisa tu za katuni ya kasi. Lakini walipimwa palepale baada ya kuangalia. Huo ni uchovu wa muda ule. Hakuna aliyepima ubongo uliooza. WHO, 2019, inasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na chini ya mwaka mmoja asipewe skrini kabisa. Filamu moja ya Jumamosi imeshavuka saa, najua. Nyumbani kwetu tunaikata vipande viwili.

Tuliirudia ile ya simba baadaye, mpwa wangu akiwa kwenye mapaja ya mama yake. Nyumbu walipoanza kushuka alifunika uso na kanga, akachungulia kwa jicho moja. Kilichomshtua safari hii ni fisi kuitwa Shenzi. "Mama, wametukana!" Mtoto wa Marekani hilo halimpati.

Chooni anakwenda sasa, ila mlango unabaki wazi nami nasimama koridoni. Nikikaa kimya muda mrefu anaita, "Mjomba, upo?"