Static si njia ya kupitisha data

"Data niliiweka kwenye static, na kwangu inafanya kazi." Karibu kila anayeniletea programu yake ya Android niikague hujitetea hivi. Static ni kigeu kimoja ambacho skrini zote za programu hukifikia, naye hukitumia kupitisha data kutoka skrini moja hadi nyingine. Kwako inafanya kazi kwa sababu umebonyeza kitufe ukaingia skrini ya pili papo hapo. Hata ukiigeuza simu, jina uliloliweka humo litakuwapo, maana kugeuza simu huvunja Activity (skrini moja ya programu) na kuiunda upya tu. Mchakato wa programu, yaani programu inayoendeshwa kwenye kumbukumbu ya simu, unabaki hai, na static huishi kadiri mchakato unavyoishi.

Mtumiaji hatulii hivyo. Anajaza fomu, anafika skrini ya pili, anapigiwa simu, anafungua kamera. Kumbukumbu ikibana, Android inaua mchakato wako kimyakimya. Akirudi, mfumo unamfufulia skrini ileile ya pili bila kupitia ya kwanza, ambako static ilijazwa. Kigeu ni null (hakina kitu), programu inajifunga ghafla, nawe unasema simu yake mbovu! Data iliyosafiri kwa putExtra ndani ya Intent, ule ujumbe unaofungua skrini nyingine, haipatwi na hayo: mfumo wenyewe huitunza na kuikabidhi tena skrini inapoundwa upya.

Kabla ya kubishana, jaribu. Ukiwa skrini ya pili, bonyeza kitufe cha nyumbani, kisha kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu andika adb shell am kill na jina la kifurushi chako; amri hiyo inaua mchakato kama mfumo unavyofanya. Rudi kupitia orodha ya programu za karibuni. Usiifute kwenye orodha hiyo, maana itaanza upya na hutaona kitu. Programu isiyopita jaribio hili siipokei.

Hoja nyingine ninazoletewa ni hizi.

"ViewModel itaniokoa." Hiyo hushika data ya skrini. Simu ikigeuzwa, ndiyo. Mchakato ukifa inakufa nao. Weka data kwenye SavedStateHandle, ambayo mfumo huitunza hata mchakato ukifa.

"Intent hubeba chochote." Intent hupita kwenye Binder, njia ya Android ya kupitisha data kati ya michakato, na nafasi yake ni MB 1 kwa mchakato mzima, na kila muamala unaoendelea unaigombea. Picha ibaki kwenye faili, pitisha anwani yake.

"Skrini ya pili inapokea maandishi matupu." Umeyasoma ndani ya onCreate ya skrini ya kwanza, yaani inapoundwa, mtumiaji hajaandika hata herufi. Yasome kitufe kinapobonyezwa.

"Intent imepoteza umri, unafika 0." Haijapoteza kitu. Ulituma String (maandishi) ukaisoma kwa getIntExtra, inayosoma namba nzima, ukarudishiwa ile 0 uliyoiweka mwenyewe kama thamani mbadala, na onyo liko kwenye Logcat, orodha ya ujumbe wa mfumo. Geuza maandishi yawe namba kabla ya kutuma, na hapohapo hakikisha mtumiaji ameandika namba kweli.