Gari la dizeli kuchoka mlimani si lazima giaboksi

Ukipanda mlima wa Newala na Land Cruiser kuukuu ya dizeli, ikaanza kuchoka, utaambiwa giaboksi imekufa. Mara nyingi sivyo. Klachi (inayounganisha injini na giaboksi) ikiteleza, injini huvuma juu huku mwendo ukishuka. Mafuta yasipofika vizuri, mvumo na mwendo hushuka pamoja, hata ukikanyaga mpaka chini. Basi anza na filta ya dizeli (fundi anayekimbilia kushusha giaboksi, mwogope). Legeza koki ya chini ya filta, kinga dizeli kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie: kama kuna maji, yatajitenga chini ya dizeli. Kisha bonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Isipokuwa ngumu mkononi, huenda hewa inaingia, pengine kwenye mpira wa mafuta uliopasuka au kibano kilicholegea.