Mbwa mkubwa akikatwa mguu: ilinde mitatu iliyobaki

Simu nyingi hunifikia usiku wa pili baada ya mbwa kurudi nyumbani. Analia kwa sauti ya chini, anahema ingawa hakuna joto, kila ubavu anaoulalia anauhama, na mwenye mbwa ameketi sakafuni kando yake huku moyo ukimsuta. Swali huja karibu kwa maneno yaleyale: "Daktari, kweli tumemtendea haki?" Nami huanza na langu: dawa ya maumivu ya mwisho amepewa saa ngapi?

Mimi ni daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwarudisha kwenye mwendo mbwa waliokatwa mguu. Wengi wao ni wakubwa, kwa kuwa saratani ya mifupa ya miguu huwaandama zaidi mbwa wa maumbo makubwa. Wengine wamegongwa na gari, au mishipa ya fahamu ya begani imenyofoka na mguu umebaki kuburutwa tu. Hofu ya wenyewe ni moja: mwili wa kilo 50 utabebwaje na miguu mitatu?

Hofu hiyo ina msingi, basi tuipigie hesabu. Mbwa akisimama kwa miguu minne, ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake na ya nyuma asilimia 40. Kwa huyu wa kilo 50, kila mguu wa mbele una kilo 15, kila wa nyuma kilo 10. Ukiondolewa mmoja wa mbele, mwili husogeza sehemu ya mzigo nyuma, lakini ule uliobaki mbele hujikuta na karibu nusu ya uzito wote. Ukiondolewa wa nyuma, mambo huwa mepesi zaidi. Ndiyo maana jeraha likishapona, mgonjwa wangu ni ile miguu mitatu.

Watu hushangaa pia kuona tumekata juu mno. Mguu wa mbele mara nyingi tunautoa pamoja na mfupa bapa wa bega, na wa nyuma tunaukata nyongani au pajani. Tukiacha kigutu kirefu, mbwa atajaribu kukikanyagia, ngozi itachubuka, na kidonda hakitaisha. Bega nalo likiachwa, misuli yake hunywea na mfupa ukabaki umechomoza.

Turudi usiku ule wa pili. Mbwa wengi husimama na kupiga hatua ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo kilio hakimaanishi ameshindwa. Huenda ni maumivu, huenda ni dawa zenyewe zile kali za jamii ya afyuni. Mwenye maumivu hushtuka mkono ukikaribia jeraha, hukaza tumbo, hukataa kujilaza. Aliyelewa dawa hulia mfululizo huku amekodolea ukuta, na ukimgusa hajali. Kuzitofautisha si rahisi ukiwa na usingizi na wasiwasi, kwa hiyo mpigie daktari wako saa hiyohiyo. Usipunguze dawa kwa kubahatisha.

Yapo na maumivu mengine ambayo huwatisha watu zaidi. Mbwa ametulia, ghafla anabweka kwa uchungu, anaruka, anageuka kuangalia mahali ulipokuwa mguu. Ni mishipa ya fahamu iliyokatwa, ubongo bado unapokea habari za mguu usiokuwepo. Yana dawa, gabapentini ikiwa mojawapo, na hupungua. Lakini usimpe kamwe kidonge chako mwenyewe. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na nimewahi kumpoteza mgonjwa ambaye kidonda chake kilikuwa kinapona vizuri kabisa.

Kuhusu jeraha sina mengi. Ngozi itakuwa na weusi wa damu iliyovilia, na weusi huo utateremka tumboni. Upande wa chini wa mshono panaweza kujaa maji, pakawa kama mfuko laini. Usipatoboe, mwonyeshe daktari. Mara nyingi mwili huyanyonya wenyewe. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na koni ya shingoni, ile inayomzuia asilambe mshono, haivuliwi kabla ya hapo hata akikuangalia kwa macho ya kusihi. Haja kubwa inaweza kuchelewa siku tatu au nne kwa sababu ya dawa. Usaha, harufu, mshono kuachana, ufizi kuwa mweupe, au kukataa chakula siku nzima: hayo hayasubiri kupambazuka.

Sakafu ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Nilikuwa na mgonjwa wa kilo 48, jina lake Kifaru, aliyetolewa mguu wa mbele wa kulia. Siku ya tano mwenyewe aliniambia mbwa amekata tamaa, analala pembeni tu, hata chakula hakifuati. Nikaenda. Kifaru alikuwa kwenye zulia la sebuleni, na bakuli lake jikoni, ng'ambo ya mita nne za vigae vinavyong'aa. Alisimama, akaja hadi ukingo wa zulia, akaweka ule mguu mmoja wa mbele kwenye kigae. Kucha zikateleza, zikafanya mkwaruzo mdogo. Akaurudisha mguu, akakaa. Alikuwa anakataa kuanguka, kwa akili timamu kabisa. Tulitandika mikeka ya mpira kutoka zuliani hadi jikoni, tukapunguza kucha na nywele zilizofunika nyayo, tukaliinua bakuli lifike usawa wa kifua ili asiinamishe mwili wote juu ya mguu mmoja. Alikula kabla sijafunga mkoba wangu.

Kwa hiyo kabla hajarudi nyumbani, tembea njia zake zote: anapolala, anapokula, mlango wa kutokea. Pasipo na pa kukanyagia bila kuteleza, tandika. Ngazi zifungwe kwa muda. Kitanda kiwe kinene, maana mwili mkubwa unaolala sana hupata vidonda viwikoni na nyongani. Kumwinua aliyekatwa mguu wa nyuma, pitisha taulo chini ya tumbo, na kama ni dume angalia lisimbane sehemu za siri. Aliyekatwa wa mbele anahitaji mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni, usiogusa mshono. Kamba ya shingoni iache kabisa; ukimvuta kidogo tu unamwangusha.

Matembezi ya mwanzo yawe ya dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Hapa wema huleta madhara: watu humzuia aende taratibu, kumbe mwendo wa polepole ndio unaomchosha. Wa miguu mitatu hutembea kwa kurukaruka, na mruko unataka kasi kidogo. Mwache aende kwa kasi yake, kisha mpumzishe kabla hajaomba. Ukimwona anajikwaa, au kichwa kinashuka chini kila hatua, umeshapitiliza.

Nyuzi zikitoka tunaanza mazoezi. La kwanza halionekani kama zoezi: msimamishe mkekani, weka kiganja nyongani, msukume kidogo sana upande, hesabu hadi tano, achia. Utaihisi misuli ikikaza chini ya mkono wako. Baadaye mfanye ageuze kichwa kufuata kitonge hadi ubavuni bila kusogeza miguu, kisha kukaa na kusimama mara tano. Mgongo na shingo hukaza kwa kazi mpya, basi mkande kwa mikono kila jioni. Wengi husinzia katikati.

Uzito siuachii mjadala. Kila kilo ya ziada inaangukia viungo vilivyokwisha kulemewa. Pitisha vidole mbavuni bila kubonyeza: mbavu zihisike kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Zikihisika kama upande wa ndani wa kiganja, amenenepa.

Kwa wale wa saratani ya mifupa nina jambo gumu la kusema, na husema kabla ya upasuaji. Kukata mguu huondoa maumivu makali ya mfupa, lakini mara nyingi chembe za saratani zimekwisha kutawanyika, hasa kwenye mapafu. Kwa upasuaji peke yake, muda wa wastani wa kuishi ni miezi minne hadi mitano. Ukiongezwa na tibakemia, yaani dawa za kuua chembe za saratani, karibu mwaka. Kwa sababu hiyo siridhiki na nafuu ya miezi mitatu mbele. Nataka wiki ya tatu awe nje, ananusa majani.

Kwa wenye miaka mbele yao, ninawaomba wenyewe picha moja kila mwezi: mbwa amesimama sakafu tambarare, kamera usawa wa mguu, kutoka ubavuni. Ninatazama kifundo cha mguu wa mbele uliobaki, kama kinaanza kulala kuelekea ardhini. Kwa aliyekatwa wa nyuma ninalinda goti, kwani kano zake zikikatika hana mguu wa akiba. Picha ya tano ya Kifaru ilionyesha kifundo kimeshuka, kidogo tu, na mwenyewe hakuwa ameona lolote. Tulimfunga kishikizo cha kukitegemeza kifundo, tukampunguza kilo tatu, tukagawa matembezi yake yawe mafupi zaidi. Picha zilizofuata nimezipanga moja chini ya nyingine, na kifundo kiko palepale.