Je, wajua kwa nini kiazi kilichookwa kinakaribiana na juisi ya nanasi kwa vitamini C?

Watu wengi wakiulizwa ni kipi chenye vitamini C nyingi zaidi kati ya kiazi mviringo kilichookwa na juisi ya nanasi, hutaja juisi bila kusita, pengine kwa sababu ya uchachu wake, ingawa uchachu huo hutokana zaidi na asidi ya sitriki. Ukweli ni kwamba gramu 100 za kiazi kilichookwa na kuliwa pamoja na ganda huwa na takriban miligramu 9.6 za vitamini hiyo, ilhali gramu 100 za juisi ya kopo, isiyoongezwa sukari wala vitamini, huwa na takriban miligramu 10.

Si kwamba nanasi lenyewe ni maskini, kwani gramu 100 za nanasi bivu ambalo halijapikwa zina karibu miligramu 48. Vitamini C huharibiwa na joto na oksijeni, tena huyeyuka kwa urahisi katika maji. Juisi ya kopo huchemshwa ili kuua vijidudu, na katika safari hiyo hupoteza sehemu kubwa ya vitamini yake. Kiazi nacho hupitia moto mkali, lakini kinapookwa kikiwa kizima, ndani ya ganda lake, hakuna maji ya kuchukua vitamini na madini yake na kwenda navyo.

Katika madini, kiazi kiko mbele kwa mbali: kina takriban miligramu 535 za potasiamu kwa gramu 100, na juisi ina 130 tu. Juisi hujitetea kwa manganisi, kwani bilauri moja huwa na zaidi ya miligramu 1, kiasi ambacho si haba kwa mahitaji ya siku. Kuhusu protini, hakuna haja ya kubishana. Kiazi kina gramu 2.5, na juisi haifikii hata nusu gramu.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni sukari. Nanasi linapokamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye machicha, hivyo kutoka gramu 1.4 zilizomo katika gramu 100 za tunda, juisi hubaki na takriban 0.2, huku kiazi chenye ganda kikiwa na 2.2. Bilauri ya mililita 250 hubeba takriban gramu 25 za sukari. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya juisi kuwa sukari huru, yaani kundi moja na sukari inayoongezwa kwenye vyakula, hata kama hakuna aliyeongeza kijiko, na linapendekeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 25, yaani bilauri hiyo hiyo moja.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kiazi, kwa kuwa si kitamu, hakigusi sukari ya damu, amejidanganya. Wanga wa kiazi kilichookwa humeng'enywa haraka na kuwa glukosi, na mara nyingi hupandisha sukari ya damu kwa kasi kuliko juisi ya nanasi, ambayo sehemu ya sukari yake ni fruktosi inayopitia kwanza kwenye ini. Kiazi kikiliwa pamoja na maharagwe au samaki, kasi hiyo hupungua.

Wenye ugonjwa wa figo walioagizwa kupunguza potasiamu wanapaswa kuisoma hesabu hii kinyume. Kwao kuoka ndiko kunakoleta shida, kwa kuwa potasiamu yote hubaki ndani. Kiazi kilichomenywa, kikakatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi yanayomwagwa baadaye, hupoteza sehemu kubwa ya madini hayo, pamoja na sehemu ya vitamini C.