Mtoto aliyelamba chumvi

Mama akiniambia kwamba mwanawe anapenda chumvi kupita kiasi, mimi huweka kalamu chini. Madaktari wachanga ninaofanya nao kazi hapa Nairobi huyaona hayo kuwa maneno ya jikoni tu. Mimi namkumbuka Lawson Wilkins.

Wilkins alikuwa daktari wa watoto mwenye kliniki yake mjini Baltimore, Marekani. Mwaka 1935, akiwa tayari na miaka zaidi ya 40, aliombwa na Edwards Park wa hospitali ya Johns Hopkins mjini humo aanzishe kliniki ya homoni za watoto. Hakufurahia. Enzi hizo dondoo za tezi ziliuzwa kama dawa ya kila kitu, na daktari mwenye kujiheshimu alikaa mbali nazo.

Mwaka 1940, yeye na mtafiti Curt Richter waliandika habari za mvulana wa miaka mitatu na nusu aliyeanza kubalehe. Nyumbani alikuwa akilamba chumvi iliyo juu ya biskuti, na "chumvi" lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya kwanza. Hospitalini alipewa chakula cha kawaida cha wadi. Akafa baada ya siku saba hivi. Barua ya wazazi ndiyo iliyoeleza alivyokuwa amejiweka hai.

Tezi za adrenali, zinazokaa juu ya figo, zikikosa kimeng'enya kimoja, hushindwa kutengeneza homoni ya kotisoli na ile inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Ubongo huzidi kuzihimiza. Zinavimba, na kinachotoka kwa wingi ni homoni za kiume. Mwaka 1950 Wilkins alionyesha kwamba mtoto akipewa kotisoni, dawa ya jamii ya kotisoli, ule msukumo hutulia. Tiba yetu ya leo inatokana na hapo.

Mtoto wa kike mwenye ugonjwa huu huzaliwa na maumbile ya siri yanayomshtua mkunga. Wa kiume huonekana mzima, na hao ndio wanaotuponyoka. Mmoja aliletwa kwangu akiwa na miaka miwili, baada ya kulazwa mara tatu mahali kwingine kwa "kutapika na kuhara". Kila mara aliwekewa dripu, akachangamka, akarudishwa nyumbani. Dripu ile ilikuwa na chumvi, basi nani angeuliza?

Nilipokuwa nikiandika vipimo vya sodiamu na potasiamu, nikamuuliza mama kuhusu chumvi. Akacheka kwa aibu. "Daktari, huyu hata kopo la chumvi namfichia juu ya kabati."

Nikamwambia alishushe.