Medali ya Msumeno wa Zamani Isikudanganye

Ukishika msumeno wa mkono wa zamani, macho hukimbilia medali, ile nati kubwa ya shaba kwenye mpini. Anzia hapo, ila usiishie hapo.

Kwa misumeno ya Disston, kiwanda cha Philadelphia, Marekani, medali ni kalenda. Ikiandikwa "Son", ni ya 1865 hadi 1871. "Sons" huanzia 1871. Kuanzia 1917 hivi unaikuta U.S.A. Medali ya tai yenye "Warranted Superior" haionyeshi jina la kiwanda: ilitumiwa na wengi, hasa kwa misumeno ya bei nafuu. Ukiuziwa kwa jina kubwa kwa sababu ya tai huyo, rudisha pochi mfukoni.

Kisha tafuta nembo kwenye bapa, yaani chuma chenye meno. Brashi ya waya ya mashine ni marufuku, maana nembo ya Disston imechorwa kwa asidi na kina chake ni kidogo mno. Zungushia msasa namba 400 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, lowesha kwa mafuta ya taa, usugue kufuata urefu wa bapa. Mbao huuzuia msasa usizame, kwa hiyo weusi unabaki ndani ya mchoro. Ukisoma D8, jina la modeli ya Disston, bila kistari, ni kabla ya 1928. D-8 ni baada ya hapo.

Misumeno ya Sheffield, Uingereza, mara nyingi imegongwa muhuri. "Cast Steel" ni feleji iliyoyeyushwa chunguni, ufundi wa Benjamin Huntsman wa miaka ya 1740. "German Steel" ni daraja la chini tu, wala haina maana kwamba umetoka Ujerumani.

Nati bapa zinazoshika mpini, zenye mikato miwili, zilipotea mapema Marekani. Sheffield waliendelea nazo, kwa hiyo kwa msumeno wa Uingereza si ushahidi wa uzee. Zifungue kwa bisibisi pana uliyoikata pengo katikati. Usilazimishe: parafujo ya shaba hukatika, na kwa kuwa kila moja ilipigwa tupa ikiwa mahali pake, ukizichanganya hazikai tena sawasawa na mbao.

Mpini ukitoka, hesabu matundu ya bapa. Tundu lisilo na nati, au duara la kutu lisilolingana na medali, linaonyesha kwamba mpini ulihamishwa kutoka msumeno mwingine, na tarehe ya medali hiyo haihusu bapa hata kidogo.